Alama ya Kutoa

Alhamisi, saa mbili usiku, Sudbury.
Theluji imelala juu ya magari kama unga uliomwagika
asipatikane wa kuuzoa.
Ndani ya nyumba ya kufulia mashine zinanguruma,
na kwenye runinga ya ukutani, yenye ufa pembeni,
wamerudi tena wale wanasayansi wanne
wanaojua umri wa ulimwengu
wasiojua waiweke wapi mikono yao
mtu akiwakumbatia.

Ghislaine, muuguzi, ana soksi moja mkononi,
mwenziwe haijulikani iliko.
"Mimi ni wa Fenwick," asema, "tangu msimu wa kwanza.
Yule anayepima joto la chai kabla ya kuionja,
aliyemwandikia mpenziwe barua yenye tanbihi."
Pertti, dereva mstaafu wa malori ya madini, anaguna:
"Msimu wa nne wakamwoza, wakamharibu.
Mtu wa namna ile haozwi. Anaachwa na chai yake."
"Kwani chai inampenda?"
"Haimkatizi akizungumza."

Hapo yakaanza.
Ile sehemu ya lifti, ilikuwa kilele au mwanzo wa kuporomoka?
Ghislaine akapiga meza ya kukunjia nguo kama hakimu,
Pertti akahesabu misimu kwa vidole, vidole vikaisha,
na mimi, niliyejifunza lugha ya hapa
kwa kucheka sekunde moja baada ya runinga,
nikatia neno langu:
kile kicheko, nikasema, hakina wenyewe.
Ni cha kopo, kama maharage.
Kinafunguliwa mtu akijikwaa kwenye salamu.

Kwetu Korogwe hakikuwa cha kopo.
Kaka yangu Hoza alihesabu mabati ya kila paa
kabla ya kuingia ndani, na akikosea huanza upya,
wenye nyumba wamesimama mlangoni, wali unapoa.
Akiulizwa hujambo alijibu kwa ukweli wote:
kichwa, tumbo, jino la kushoto.
Watu walicheka.
Mama akasema hujafa hujaumbika,
nami nikacheka vilevile, kanga mdomoni.

Haya sikuyasema. Nilisema tu, "Nina kaka."
Ghislaine akaiweka soksi chini.
Pertti akatazama buti zake zikichuruzika maji.

Pale pembeni kuna bwana wa shuka za kijivu.
Twamwita Namba Saba, maana mashine nyingine
hazigusi hata zikiwa tupu.
Inasemekana hushuka mgodini, kilomita mbili chini,
kungoja chembe inayopita bila kubisha hodi.

Akainuka. Akanyoosha kidole kwenye runinga,
si kwa Fenwick, bali kwa ubao ulio nyuma yake,
uliojaa chaki.
"Mstari wa tatu," akasema, "wamesahau alama ya kutoa.
Msimu wa pili wote. Niliwaandikia."
"Wakajibu?"
"Walinitumia fulana."

Kimya. Mashine yake ikazunguka mara moja, mbili,
kisha Ghislaine akapasuka, Pertti akafuata akikohoa,
mimi nikauchungulia kwanza uso wake
nione kama mlango uko wazi.
Akatutazama mmoja baada ya mwingine,
kama anayekagua hesabu za mwenziwe,
halafu akacheka naye, amechelewa kama basi la Jumapili
linalokuja tupu, taa zote zikiwaka.

Nilipofika nyumbani nilimpigia Hoza.
Kwao ilikuwa alfajiri, lakini yeye halali.
Hakuniuliza hali. Aliniuliza
paa la hapo lina mabati mangapi.
Nikamwambia sijui, limefunikwa na theluji.
"Itayeyuka lini?"
"Aprili, labda."
"Basi usikisie," akasema. "Subiri Aprili."
Akakata simu, bila kwaheri, kama kawaida yake,
nami nikabaki dirishani na nguo zangu safi,
zina joto bado.