Nyuzi Thelathini na Saba

Katika jokofu la Torbjørg, kule Vardø,
samaki wa moshi amelala kwenye nyuzi nne.
Kijidudu naye yumo, hana haraka.
Baridi inayowaduwaza wenzake
yeye ameifanya blanketi.

Ndani yake upo uzi uliojikunja,
umefumbata neno moja
kama ngumi ya mtoto aliyeficha peremende.
Neno hilo ni silaha, na silaha ni mzigo;
asiyeona vita haibebi bure.

Torbjørg akakata kipande, akala na mkate wa shayiri
huku theluji ikizika baiskeli ya mjukuu.

Tumboni asidi ikampokea kwa matusi.
Nyongo ikamchoma. Chumvi, njaa, giza.
Akavumilia, akihesabu:
thelathini na tano, na sita,
na saba,
uzi ukalegea, kidole kwa kidole,
ngumi ikafunguka,
neno likasomeka.

Damu ya bibi imefika kwangu, Tromsø, katika chupa mbili.
Nimeandika tarehe. Nimenawa mara tatu.
Sikuona chuki kwenye hadubini.
Kilichomwamsha ni joto tu,
lile lile
tunalompa mtoto kifuani.