Kidonda Kimefunga

Mara tatu tulimrudisha nyumbani.
"Mzee Bwanaheri, ngiri yako yaweza kungoja.
Vitanda tumewawekea wa vifua,
na ukipasuliwa sasa, utavuta hewa yetu."
Akacheka ndani ya barakoa aliyoishona mwenyewe
kwa masalio ya kitambaa cha kofia:
"Hewa yenu ina nini, nami hapo Kibokoni
navuta moshi wa mishikaki mwaka wa sitini?"

Mara ya nne hakucheka.
Aliletwa usiku wa kafyu, tumbo gumu kama kifuu,
utumbo umenyongeka,
binti yake Mwanatumu bado anatetemeka
kwa tochi za kizuizini.

Daktari Mghanga akamsomea fomu:
kuvuja damu, kuoza kidonda, kutozinduka.
Kisha akaigeuza karatasi, akaandika kwa mkono
hatari ambayo walioichapisha hawakuijua.
"Nisipotia sahihi?"
"Hufiki adhuhuri."
"Na nikitia?"
Daktari akaitazama saa ya ukutani.
Mzee akaomba kalamu.

Kazi yangu mimi ni kuhesabu.
Shashi ishirini ziingie, ishirini zitoke;
ikikosekana moja, hatufungi.
Miwani imejaa ukungu, jasho lanishukia hadi ndani ya glavu,
nikahesabu kwa sauti.
Zikatimia. Tukafunga.

Siku ya tatu alitaka nimfunulie bandeji.
Akaukagua mshono kama wa mwanafunzi wake:
"Mkono mzuri. Ila hapa pembeni
kavuta uzi kwa pupa."
Usiku huo akaanza kukohoa.

Ya mashine sitayasimulia.
Nasema tu kwamba siku ya kumi na moja
nilimtoa nyuzi, yeye hajui,
na ngozi ilikuwa imeshikana, kavu, haina wekundu,
kidonda kizuri kuliko vyote nilivyovishika mwaka ule.
Alasiri kidonda kikabaki, mwenyewe akaenda.

Daftari letu lina safu moja ya matokeo.
Niliikuta imejazwa: *Upasuaji umefanikiwa.*
Nikatafuta pa kuongeza neno. Hapakuwa na nafasi.

Mwanatumu alikuja dirishani kuchukua vitu:
miwani, redio ndogo,
kofia iliyotobolewa nusu, ua la pili halijafungwa.
Nilimpa kwa ncha za vidole.
"Angalia," nikamwambia,
"sindano imo humo, isije ikakudunga."