Mtungi wa Mwisho

Spana juu ya chuma: ko, ko, ko. Kisha moja, imechelewa.
Ndivyo nilivyojua ni gari lao, si la yule Mbaluchi wa Jumanne.
Ibri nzima ilisikia mwuza gesi.
Mimi nilisikia kengele.

Eliabu Msangi, mtu wa Usangi kwenye ukungu,
hapa alibeba mitungi kwenye joto la nyuzi arobaini na saba,
bega la kushoto limeota sugu kama goti la ngamia.
Dereva, Mundhir, kijana wa Kiomani, hakushuka garini.
Aliongeza sauti ya redio.
Mpaka leo sijui kama aliipenda ile redio
au alikuwa akiziba masikio ya majirani.

Dakika nne. Mtungi hubadilishwa kwa dakika nne:
kufungua, kufunga, kupaka povu la sabuni uone kama unavuja.
Kwa dakika nne mtu anaweza kusema mengi akiwa amepiga magoti
na hakuna atakayeuliza kwa nini amepiga magoti.

Nyumba hii inaniita Zeina. Ni jina la aliyenitangulia,
nililirithi pamoja na sare yake na kandambili zake.
Yeye, siku ya kwanza, bila kuinua uso, aliuliza:
"Mama yako alikuitaje?"
Nikasema, Wakesho. Nikasema tena, nijisikie.
Mahubiri yalikuwa hayo tu. Mengine yalikuwa nyongeza.

Kanisa lipo, Muskati, mtaa wa Ruwi, lina ukuta na kibali,
watu wanaingia na viatu vyao vizuri.
Sikatai. Lakini Ijumaa yangu haina mlango,
na kutoka Ibri hadi huko ni safari ya mwenye pasi yake mfukoni.

Kwa hiyo aliandika kwa chaki, kwenye kitako cha mtungi,
sura na aya. Namba tupu.
Kitabu gani, hakuandika: aliogopa, au alinichezea.
Wiki nzima nilikata vitunguu nikitafuta,
nikipita kwa manabii, nikirudi kwenye nyaraka,
nikiokota nilichokumbuka cha Wundanyi,
darasa la Jumapili, mwalimu mwenye kikohozi.
Mara nyingine nilikosea kitabu
nikapata neno lililonifaa zaidi.

Alishafukuzwa kwingine. Dammam walimtoa na kiatu kimoja.
Kuwait alikaa siku kumi na tisa katika chumba kisicho na swichi,
taa ikiwaka usiku kucha, akasahau giza lina ladha gani.
Alisimulia akikaza nati,
kama mtu anayekueleza hali ya barabara.

Nani alimsema, sijui.
Sitaki kujua. Pengine namfulia shuka.

Mundhir ndiye aliyeniambia, dirishani, macho mbele:
ofisa aliyemhoji alizungumza Kiswahili,
mama yake mzaliwa wa Tabora.
Akampa maji. Akamwuliza kwa upole unaotisha kuliko kofi:
"Hizi hesabu kwenye mitungi ni deni la nani?"
Eliabu akasema, "Langu. Limeshalipwa."
Ofisa akaandika: amekataa kujibu.
Saa nane za usiku wakampandisha ndege,
na safari hii, Mundhir akasema, alikuwa na viatu vyote viwili.
Kisha akaongeza sauti ya redio, ingawa hapakuwa na mtu wa kufichwa.

Sasa anakuja mwingine. Spana yake haina mahadhi.
Namwambia: bado, haujaisha.
Maharage nayaloweka siku mbili,
wali naupikia moto mdogo kama wa kibiriti,
maji ya kuoshea vyombo nayaanika juu ya ukuta, jua linayachemsha bure.
Bibi anashangaa: mtungi gani huu, mwezi wa tatu sasa?
Anawaambia wageni, Zeina amejifunza kubana matumizi.

Usiku nauinamisha chini ya taa ya jiko.
Chaki imefifia: tatu, halafu nane, au labda sifuri.
Kitabu chake sijakipata.
Nautikisa.
Kitu bado kinacheza humo ndani, kidogo.