Ukingo na Ukungu

Groningen, Februari. Mvua inanyesha kwa mshazari,
viti vya baiskeli vimelowa,
nami chini ya ardhi, chumba kisicho na dirisha,
nacheza kamari tangu alfajiri.

Sichezi kwa fedha. Narusha chembe za mwanga,
fotoni milioni mia, moja baada ya moja,
ndani ya kompyuta inayohema kama mwenye pumu,
na kila moja yarushiwa kete yake:
hii ipite, hii igonge, hii ipinde kona,
hii ifie ndani ya shaba bila kuacha jina.

Waliosema panya wengi hawachimbi shimo
hawakunionya kuhusu panya mmoja
anayetaka shimo lichimbwe kwa ajili yake:
duara, milimita tatu, refu kama kidole gumba,
katika kipande cha shaba manjano,
mwanga uingie humo ukiwa umati
utoke ukiwa uzi.

Maana ubongo wake ni harage,
na uvimbe umo ndani ya harage,
na unywele mmoja kutoka hapo
ndipo alipoiweka njia ya kwenda majini.
Kwa binadamu, kukosea milimita ni kosa.
Kwake ni kuhamisha mtaa mzima.

Nilichora. Nikampa mchoro Hylke Wiersma,
mkereza chuma wa karakana,
miaka thelathini na moja kwenye keezo,
vidole tisa na robo tatu.
Akautazama kama mtu anayesoma barua ya deni.
"Tundu dogo hili. Utampitisha nani?"
"Mwanga."
"Basi nitamsafishia njia."

Kwenye skrini ukingo wa mwonzi ulisimama wima,
ungeweza kujikata nao.
Kwenye filamu, Alhamisi, haukusimama.
Doa jeusi katikati, sawa;
lakini pembeni kijivu kinatambaa,
ukingo umekuwa ukungu,
herufi mbili tu, na dozi imemwagikia jirani.

Nikashuku kila kitu isipokuwa mikono.
Nikashuku bomba la mionzi, filamu iliyozeeka,
majedwali ya shaba na zinki,
nikarusha kete bilioni, siku nne,
nikampigia simu Tjitske wa vipimo usiku wa manane.
Alisema nikalale. Akakata.

Jumatatu nilikirudisha kipande karakanani.
Hylke akapitisha dole gumba mdomoni mwa tundu, taratibu,
kama anayepima homa kwenye paji la mtoto.
"Nimeua makali," alisema.
Tupa, mizunguko mitatu,
sehemu mbili za kumi za milimita.
Hakuna mchoro ulioagiza hivyo.
"Ukingo mkali hukata wanaoushika.
Hiki," akainua kile cha robo tatu,
"kilikutana na kazi ya mtu aliyefuata mchoro."

Nikashuka tena. Nikauandika mshazari ule,
mistari sita ya namba:
huruma ya Hylke, digrii arobaini na tano.
Nikarusha kete upya. Kijivu kikatokea,
kilekile, mahali palepale,
nikacheka peke yangu kama mwehu.

Sasa tuna vipande viwili.
Cha pili hakikuguswa na tupa; kinalala kwenye sponji,
na juu ya kisanduku Hylke ameandika kwa wino mwekundu:
KINANG'ATA.

Leo saa nne panya namba arobaini na moja amelazwa,
usingizi wa gesi, masharubu yakitetemeka.
Kitabu cha taratibu kinataja joto, pumzi, pembe ya kichwa.
Hakitaji sikio lililokunjika chini ya mkanda.
Tjitske amelikunjua kwa ncha ya kidole,
kisha tukatoka, tukafunga mlango wa risasi.

Sekunde tisini. Mashine inavuma.
Ukingo umesimama wima.

Uvimbe huo tuliupanda sisi wenyewe, wiki tatu zilizopita.
Hilo nalo lina makali yake.
Sikumwomba Hylke tupa.