Sitini

Ililetwa Kariobangi kwa mkokoteni wa watu wanne,
injini ya lori, silinda sita,
matope ya Maai Mahiu yamekaukia mbavuni.
Nikaingiza kipimo shimo la kwanza, la pili,
la tatu sikuhangaika, nilishajua.
Ishirini. Arobaini. Sitini.
Mara tatu imekerezwa, mara tatu imerudishwa barabarani,
na kila fundi alimega chake ukutani akaenda zake.
Baada ya sitini hakuna hesabu.
Ukuta umebaki mwembamba kama sufuria ya kibandani.

"Itie ringi, ipake rangi," akasema Gathogo, "nani atajua?"
Mwenyewe alikuwa amekaa juu ya tairi,
Pilista Nyagowa wa Mbita, mwenye boti ya saruji na kreti za soda,
viatu kavivua, kaviweka mbali na oili.
Hakuuliza bei. Aliuliza:
"Itazima?"

Nikamwambia hakuna injini isiyozima.
Akasema: "Lori likizima Kikopey, utingo anaruka,
anavunja matawi, anayatandaza lamini,
wanaokuja nyuma wanajua.
Mimi katikati ya maji, fundi,
matawi nitayatandaza wapi?"

Gathogo akalirudisha kopo la rangi rafuni.

Sasa sikia, wewe chuma, maana hujui unakopelekwa.
Lori lina mteremko.
Ukifika juu dereva anaondoa mguu,
unapumua, mzigo wenyewe unakusukuma.
Ziwa halina mteremko.
Maji ni mlima uliolazwa chini:
utaupanda kutwa, na jioni hujaona kilele.
Ndiyo maana nakuvisha upya.

Slivu sita alizikereza Mutinda,
ambaye huzima redio akipima.
Zikalala usiku kwenye friza ya bucha ya Njogu
kati ya matumbo na kichwa cha mbuzi chenye jina la mteja.
Alitutoza hamsini kwa kila moja:
"Chuma kinakula baridi kuliko nyama."
Alfajiri tukakuwekea majiko ya makaa, mawili, kisha matatu,
mpaka mate yakikuangukia yanatoweka kwa kelele.
Nikaishika slivu kwa tambara, ina ukungu mweupe,
nikaiachilia.
Haikutaka nyundo.
Iliingia kama mtu anayeingia gizani
chumba alichozaliwa.
Ya nne ilikwama nusu. Yaliyosemwa hapo hayaandikwi.
Lakini kufikia chai ya saa nne ulikuwa umerudi sufuri,
sitini yote imefutwa.

Siku ya kuwasha, bomba la mtaa lilikuwa kavu tangu Jumanne.
Tukanunua mitungi ishirini
kwa kijana aliyepandisha bei alipoona haraka yetu.
Mapipa mawili. Mpira wa kunyonya, mpira wa kutema.
Hilo ndilo ziwa lako la kwanza:
lita mia nne, na jani la sukuma likizungukazunguka.

Ulikohoa. Moshi mweupe, moshi wa buluu,
kisha hewa tu ikitetemeka juu ya ekzosi.
Pilista alisimama saa nzima, kiganja juu ya bloku,
midomo ikihesabu sijui nini.
Maji yalipopata moto, wanawake wa ploti wakaja na beseni;
nani Nairobi atamwaga lita mia nne?
Mablanketi ya Kariobangi yalinuka dizeli wiki hiyo.

Jumatatu lori likaja kukubeba.
Kikopey utaiteremka ukiwa mzigo, kwa mara ya kwanza.
Kwenye sanduku la spana nilimwekea mkanda wa akiba, nozeli mbili,
na tawi la mkaratusi, la mzaha.
Hakucheka.
Alilifunga kwa kamba, fundo mbili,
akavaa viatu vyake.