Kiporo cha Krismasi

Kuku alilala nje, kizingitini mwa dirisha,
chini ya sufuria iliyofudikizwa,
maana friji yetu ni ndogo
na Desemba ya Manresa inaishinda kwa baridi.
Asubuhi mafuta yamemganda, meupe kama nta.
Namchambua kwa vidole: paja, shingo, mgongo,
na kile kinyama kinachojificha ubavuni mwa mfupa
ambacho mama alikiita mshahara wa mpishi.

Leo ni sikukuu ya Mtakatifu Stefano.
Katalunya nzima inasaga ilichoshindwa kumaliza jana.

Ukingoni mwa meza pana kovu la duara
palipofungwa mashine tangu sijazaliwa.
Nakaza parafujo palepale. Chuma kinajua kwao.
Fina anashika mpini, mimi nalisha mdomo:
kuku, ndama aliyechemka na dengu,
nusu ya bonge la nyama,
na sahani ya Eudald, nzima, haijaguswa,
vile alivyoiacha
aliposimama, akavuta koti,
akasema nyumba iuzwe isiuzwe, yeye basi,
na mlango ukamjibu kwa niaba yetu.
"Na hii?" Fina anauliza.
"Na hiyo."
Inapita. Mashine haiulizi nyama ilikuwa ya nani.

Ugomvi nao una kiporo chake.
Ukiufunika vizuri haulali ukachacha;
unaukuta asubuhi umekolea.
Hatuusemi. Tunasema habari za vitunguu.
Tunasema mkate mkavu ulowe kwenye maziwa,
si mwingi, mkate ni wa kushikanisha,
si wa kudanganya tumbo.
Mama hakuacha vipimo. Tulipomuuliza alisema:
mpaka iache kulia.
Basi tumeinama wawili juu ya sufuria,
wanawake wa miaka hamsini na ushei,
tunasikiliza nyama.

Kungumanga kidogo. Kidogo tena.
Tambi bapa zimetandazwa juu ya taulo
kama leso za mtoto mwenye mafua.
Tunajaza, tunaviringisha, nahesabu:
ishirini na tatu vizima
na kimoja kilichochanika.
Kila mwaka kimoja huchanika.
Hicho tunakipa makombo ya makombo,
yale ya kukwangua bakuli,
na kukilaza pembeni mwa trei
mahali mama alipokuwa akiweka chake.
Aliapa anakipenda hicho hicho.
Tulimwamini miaka arobaini.

Saa nane kasoro robo, kengele.
Eudald, na jibini ndani ya karatasi,
pua nyekundu, hana samahani mfukoni.
"Mmeweka ndimu?"
"Tangu lini tukaweka ndimu?"
Anavua koti. Anakwaruza jibini,
anakwaruza na ncha ya kidole,
anatukana, ananyonya damu.
Fina anamrushia kitambaa bila kugeuka.
Mchuzi mzito wa maziwa unafunika vyote ishirini na vinne;
kilichochanika hakijulikani tena
ila kwa anayeijua pembe yake.

Tulikula. Watoto walipigania ukoko wa jibini.
Trei ilizunguka mara mbili,
na kila mkono ulipofika pembeni
ulikumbuka shughuli nyingine.
Kikabaki.
Nikakifunika, nikakitoa dirishani,
kiporo cha kiporo.

Usiku theluji haikuanguka, gari halikupita,
nikasikia tu kitasa cha dirisha,
polepole, kama cha mtu anayejua kinakoroma wapi.
Sote watatu tulilala pale, vyumba vyetu vya zamani.
Asubuhi sahani iko kwenye sinki, imeoshwa,
na uma mmoja.

Sikuuliza.
Nyumba haijauzwa, wala haijasemwa kwamba haitauzwa.
Mifupa iko motoni tangu alfajiri.
Leo ni supu.