Linauzwa na Mwenyewe

Nimeandika kwa kalamu nene, nikabandika kiooni:
LINAUZWA. MWENYEWE NIPO NDANI. GONGA KWA NGUVU.
Jumapili ya tatu hii. Kizuri chajiuza, wanasema,
lakini hapa Dunedin, mtaa ulioinama kama paa,
kizuri kimesimama tu, magurudumu yamekatwa kuelekea ukingoni,
jiwe nyuma ya tairi, kinangoja kwa adabu.

Wa kwanza alipiga tairi teke, akaondoka.
Wa pili alitaka kujua kama litabeba mbao.
Leo amekuja Losa, mwanafunzi wa uuguzi,
na mjomba wake Tavita, ambaye hakuanza kwa kunisalimu mimi,
alilisalimu gari. Akalala chali kwenye lami yenye jalidi,
akapitisha kidole chini ya milango kutafuta kutu,
maana chumvi ya bahari huku haina huruma.
Kidole kikatoka safi. Akaninyooshea
kama mtoto anayethibitisha kwamba amenawa.

Nikaleta daftari. Oili, kila kilomita elfu tano.
Mkanda wa injini, mwaka ule wa theluji.
Risiti zote, nimezibana kwa vibanio vya nguo.
"Na hapa?" Losa akauliza. Ukurasa wa Agosti:
*Limekataa kuwaka. Kosa langu, niliacha taa.*
Mkwaruzo wa mlango wa nyuma nao
niliwaonyesha kabla hawajauona: nguzo ya maktaba,
nilikuwa napiga rivasi, macho yalikuwa yameshaanza.

Nikataja bei. Mjomba akanyamaza, kwa ufundi.
Nikapunguza dola mia mbili ili kuujaza ukimya,
nikajichukia, kisha nikanyamaza na mimi.

Losa akaketi, akazungusha ufunguo,
na ile sauti ya kike ikasema maneno yake ya Kijapani,
yale yale, tangu gari liliposhuka melini.
Miaka kumi na moja naiitikia: "Nawe pia, mpenzi."
Nilidhani ni dua ya safari. Au salamu. Au funga mkanda.
Kuna siku ilikuwa sauti pekee
iliyonisemesha mpaka jioni.

Losa akacheka, mkono mdomoni. Kijapani alikisoma shuleni.
"Inasema kadi ya ushuru wa barabara haijaingizwa."

Kadi.
Kila asubuhi nadaiwa kadi,
nami nabariki.

Tukahesabu noti juu ya boneti yenye joto.
Nikampa ufunguo wa pili, daftari, na lile jiwe pia;
popote atakapoegesha patakuwa mteremko,
mji huu haujui tambarare.

Dirisha lilikuwa wazi alipowasha.
Nikaisikia ikimdai kadi yake,
na Losa, pasipo kugeuka,
akaiitikia kwa Kisamoa
neno nisilolijua.